Jimi Alikuwa Anatii

Wewe uliona. Usiseme hukuona. Ulipita langoni, ukamwona mbwa amefungwa, manyoya ya shingo yamenyonyoka, ngozi imekuwa nyekundu. Ukatoa simu yako ukaiangalia. Ukasema moyoni, "Ni mbwa tu, tena mwenyewe yupo." Nusu ya kijiji chetu cha Kimulot ilisema hivyo kuhusu Jimi. Sasa sikiliza habari zake, na safari hii usigeuze uso.

Jimi alikuwa mbwa wa Chepkorir, mume wake Gibson na binti yao Caren. Alikuwa wa rangi ya kahawia. Sikio moja lilisimama, lingine lililala. Alilelewa na mama yake Gibson, Kogo Chelimo, tangu akiwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kikapu cha chai. Kogo alimfundisha jambo moja tu. Jimi akimfuata njiani, Kogo alinyoosha mkono na kusema, "Gaa!" Kwa Kikipsigis ni nyumbani. Jimi aligeuka mara moja, akarudi mbio.

Kisha Jimi akakua. Akawa na kifua kama cha ndama. Kila asubuhi Chepkorir alichuma chai, akaibeba mpaka kituo cha kupimia majani. Jimi alikwenda naye, maana njia inapita kando ya msitu na mbwa ni mwenzi mzuri. Lakini alivuta kamba mpaka viganja vya Chepkorir vikachubuka. Siku moja alimvuta mpaka akaanguka. Kikapu kikapinduka, majani yakaingia matopeni.

"Mama Caren!" wachumaji wakacheka. "Ni wewe unampeleka mbwa, ama ni mbwa anakupeleka?"

Chepkorir alicheka nao. Lakini alipofika nyumbani alikuwa na machozi. Majani ya siku nzima yalikuwa yamekataliwa.

Gibson akaenda Sotik. Alirudi na Kipkurui, mtu anayefundisha mbwa wa ulinzi. Kipkurui alitoa mfukoni mnyororo wa duara. Ndani yake kulikuwa na meno ya chuma, butu kidogo, yote yakielekea shingoni.

"Hii ni kola ya meno," alisema. "Akivuta, meno yanambana. Akitulia, yanalegea. Anajifundisha mwenyewe."

"Haitamtoboa?" Chepkorir aliuliza.

Kipkurui aliivaa kwenye mkono wake mwenyewe, akaivuta. "Unaona damu? Hakuna. Mama mbwa pia huwashika watoto wake kwa meno. Nimefundisha mbwa miaka kumi, mama. Ukisema 'Kaa!' naye asikae, unavuta mara moja. Utaniita unishukuru."

Wiki ya kwanza Gibson alitaka kumshukuru kweli. Jimi aliacha kuvuta. Alitembea ameinamisha kichwa. Jambo moja tu liliwashangaza. Gibson akisema "Kaa!" Jimi hakukaa. Aligeuka kama anayetaka kutoroka. Gibson alivuta kola, Jimi akalia. "Kaa!" Jimi akageuka tena. Kola ikavutwa tena.

"Huyu mbwa ni kichwa ngumu," Gibson alisema.

Majirani walipita. Waliona. Hakuna aliyesema neno.

Wiki ya tatu, pale kituoni, Jerusa alitoka nyuma ya mizani. Jerusa ndiye karani anayepima majani. Alikuwa amezoea kumchekea Jimi. Siku hiyo alisogea karibu. Gibson, aliyekuwa ameshika kamba, akaogopa Jimi atamrukia, akasema "Kaa!" na kuvuta kola kwa nguvu. Jimi alipiga kelele, akamrukia Jerusa, akararua sketi yake kutoka kiunoni hadi chini. Ni bahati tu jino halikugusa ngozi.

"Haki ya Mungu!" Jerusa alisema, ameshika sketi kwa mikono miwili. "Hapa watu wanakuja na watoto mgongoni. Gibson, ninakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kama huyu mbwa hatapita kwa hii laini kwa amani, apigwe sindano alale milele. Na mimi ndiye nitamwita daktari."

Watu wote wakaitikia. Walikuwa na haki. Chepkorir alimtazama Jimi. Jimi alikuwa amelala chini, anatetemeka, sikio moja limesimama.

Jumatatu iliyofuata Beverly Obiero alifika nyumbani kwao. Ni mhudumu wa mifugo. Alizaliwa upande wa ziwa, na ana miaka sita akifanya kazi huku Konoin. Alikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alimwona Jimi. Hakutoa simu. Alichuchumaa pembeni kidogo, akatazama shingo yake.

"Nani amemfanya hivi?"

"Ni kola tu, daktari," Gibson alisema. "Ni ya kumfundisha."

"Imemfundisha nini?"

Gibson akampigia Kipkurui simu, naye akaja na pikipiki, amekunja uso.

"Daktari," Kipkurui alianza, "usiharibu kazi ya watu. Mbwa alikuwa anavuta, sasa havuti. Ama ni uongo?"

"Si uongo," Beverly alijibu. "Hata wewe nikikuchoma kila ukipiga hatua, utaacha kutembea. Ulijaribu kola mkononi, sivyo? Lakini ulijua inakuja saa gani. Na uliweza kuivua. Jimi hajui. Anaona tu Jerusa amekuja, halafu shingo inauma. Kesho tena, mtu amekuja, shingo inauma. Kwa akili yake, ni nani anayemuumiza?"

"Jerusa," Chepkorir alisema polepole.

"Ndiyo. Mlitaka aache kuvuta. Yeye amejifunza kwamba watu ni maumivu."

Kipkurui alitikisa kichwa. "Na ukaidi je? Gibson, mwonyeshe. Mwambie akae."

Gibson alisimama wima. "Kaa!"

Jimi aligeuka kuelekea nyumba ya Kogo.

"Umeona?" Kipkurui akasema. "Kaidi!"

Beverly hakuwa anamtazama mbwa. Alikuwa amemkodolea macho Gibson. "Hebu sema tena hilo neno."

"Kaa!"

"Nasikia 'gaa.'"

"Nimesema kaa!"

"Baba Caren, nyinyi watu wa huku k na g zenu zinalala kitanda kimoja. Si gaa ni nyumbani?"

Kogo Chelimo, aliyekuwa mlangoni anatikisa kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, alikiweka chini.

"Ni mimi nilimfundisha gaa," alisema. "Gibson! Huyu Jimi, mtoto wangu, ulikuwa unamwambia aende nyumbani. Na akianza kwenda, unamchoma!"

Chepkorir aliziba uso. Wiki tatu Jimi alikuwa anatii. Wiki tatu aliadhibiwa kwa kutii.

Kogo akapandisha rinda lake kidogo. Kwenye mguu kulikuwa na kovu refu, jeupe. "Nilipokuwa msichana nilichuma chai kwa shamba kubwa. Mbwa wa mlinzi alivalishwa waya wa seng'enge shingoni ili awe mkali. Tuliona damu shingoni mwake kila siku. Hatukusema. Siku moja akanishika hapa. Mbwa huyo wakampiga risasi. Aliyemvalisha waya hakuulizwa. Sijasahau. Toeni hiyo kitu kwa Jimi."

Gibson aliivua kola kwa mikono yake mwenyewe.

Beverly alisafisha vidonda, akawapa dawa ya kupaka. Kisha akawaambia la kufanya. Fundi wa viatu awashonee mkanda mpana wa kifuani, usiogusa shingo. Jimi akivuta, Chepkorir asimame tuli kama mti. Kamba ikilegea, waendelee. Akifanya vizuri, apewe kitu kitamu papo hapo. Wasianzie kwenye watu. Waanzie mbali, hatua hamsini. Akitulia, kesho arobaini. Akiogopa, warudi nyuma. "Na mchague neno jipya. Nyumba nzima neno moja."

Wakachagua "Keti." Kogo alilifanyia mazoezi jikoni mpaka Caren akacheka.

Siku ya kwanza, njia ya dakika kumi iliwachukua saa nzima. Chepkorir alisimama mara thelathini. Wachumaji walimtania: "Mama Caren amegeuka mlingoti wa stima!" Hakujali. Mfukoni alikuwa na ukoko wa ugali uliolowa mursik. Wiki ya pili Jimi alianza kumtazama usoni kabla ya kuvuta. Wiki ya tatu Jerusa alimrushia ukoko kutoka mbali, akaondoka bila kumkaribia. Wiki ya nne mkia wa Jimi ulianza kucheza akimwona.

Mwisho wa mwezi ukafika. Laini ya kituoni ilikuwa ndefu. Kogo alikuja kushuhudia, na Kipkurui pia, mikono kifuani. Chepkorir alishika kamba kwa vidole viwili tu, ili watu waone. Alipita katikati ya vikapu, magunia na watoto. Kamba ililegea kama uzi wa kuanikia nguo. Mbele ya mizani akasema kwa sauti ya kawaida, "Keti."

Jimi akaketi.

"Ni bahati," Kipkurui alisema. Akapiga hatua mbele, akapaza sauti: "Kaa!"

Jimi aliinuka, akageuka, akaanza safari ya kwenda nyumbani, mkia juu, akimvuta Chepkorir taratibu.

Kituo kizima kikalipuka. "Ametii! Kipkurui, ametii!" Kogo alipiga vigelegele mpaka vikarudi kutoka msituni. Hata Kipkurui alicheka, akajifuta macho.

"Sketi ilikuwa yangu, na uamuzi ni wangu," Jerusa alisema. Akamfikia Jimi, akachuchumaa, akanyoosha kiganja chenye ukoko. Jimi akala, akalamba vidole. "Huyu anaishi."

Kipkurui alimfuata Chepkorir njiani. "Mama, huyo fundi wa mkanda anaitwa nani? Nina mbwa wanne nyumbani wenye kola hizi." Jioni hiyo hiyo aliwavua kola wote wanne.

Na wewe je? Yule uliyemwona langoni bado amefungwa. Funga kitabu hiki. Kama ni wako, mwendee sasa hivi, tazama chini ya manyoya ya shingo, mvue hiyo kola ya meno. Kama ni wa jirani, piga hodi umwambie mwenyewe, leo kabla hujala. Akikuuliza inakuhusu nini, mwambie uliona. Inuka!