Saa ya Marehemu Mfaume

Kosa lenyewe ndilo hili, na mwenyewe hataki lifichwe: Khalfani alisema uongo mlangoni mwa msiba, mikono yake bado ikinuka kafuri.

Alikuwa fundi simu pale Chang'ombe, kibanda cha bati ubavuni mwa karakana ya kuchomelea mageti. Lakini mtaani walimheshimu kwa kazi nyingine, ya kuosha maiti. Yeye na mzee Mashaka wakiitwa waliacha hata sahani ya chakula wakaenda, kwa ajili ya Mungu tu. Alipofariki mzee Mfaume, waliosha wao wawili. Mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa na saa, zile za kisasa zinazohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo. Khalfani aliugeuza ule mkono kwa kidole gumba, taratibu, akafungua mkanda, akaitia saa mfukoni. Desturi ni kwamba kila kinachovuliwa hurudi kwa wenyewe kabla maiti hajatoka nyumbani.

Mlangoni alikutana na Munira, binti wa marehemu, aliyemuuguza baba yake mpaka pumzi ya mwisho.

"Kaka Khalfani, na saa ya baba?"

"Sikuikuta, dada."

Ilimtoka hivyo hivyo. Alikuwa ameshaipenda.

Wiki ilipopita akaitoa, akaifungua kwa ufundi wake, akaiunganisha na simu yake. Saa ikaomba apdeti. Akakubali. Saa za aina hiyo chaji hukaa siku nne, tano. Baada ya apdeti, aliichomoa asubuhi ikiwa mia kwa mia, na alasiri imekata.

Hakushtuka. Wateja wangapi wamemletea shida hiyo, naye huwaambia, "Ipe siku mbili tatu, itatulia." Akaipa siku tatu. Haikutulia. Akazima kioo kisiwake chenyewe, akafunga meseji zisiingie, akaiacha ikaisha kabisa na kuijaza upya. Mwisho akaifuta yote, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Bure.

Ndipo akafungua pale panapoonyesha kinachokula chaji. Kipimo cha moyo, asilimia tisini na moja.

Saa ilikuwa juu ya meza. Akaiinua. Taa zake za kijani mgongoni zilikuwa zinawaka, na kwenye kioo: mapigo sabini na mbili. Sabini na moja. Sabini na tatu.

"Inadanganya," alijisemea, akaifungia kwenye droo.

Kesho yake alipoitoa kuichaji, ilikuwa imeandika hatua 412. Zote kati ya adhuhuri na alasiri, wakati uleule jeneza lilipobebwa. Siku iliyofuata, 830. Ya tatu, 1,241. Droo ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao kiunoni.

Khalfani si mjinga. Asubuhi yake alikwenda makaburini, akasimama kwenye kaburi la mzee Mfaume, akasoma Fatiha, kisha akarudi kwa miguu huku akihesabu. Mpaka mlango wa kibanda chake zilikuwa hatua 1,650 na kidogo.

Alipofika, alikaa akapiga hesabu. Kila siku ziliongezeka mia nne na kitu; ya kufika kwake ilikuwa leo.

Angeweza kuondoka. Lakini angekwenda kumwambia nani, na aanzie wapi? Akabaki. Baada ya adhuhuri wale wa karakana wakaenda kula, mtaa ukanyamaza, jua likapiga bati mpaka likawa linalia, na katikati ya joto lile Khalfani akasikia harufu ya kafuri, kidogo kwanza, kama mtu aliyepita nje, halafu nzito, halafu ndani, na nyuma ya harufu ikaja sauti anayoijua kuliko sauti ya mkewe, kopo likichota maji kwenye ndoo, maji yakimwagwa polepole upande wa kulia, mara tatu, kisha upande wa kushoto, na alipotazama benchi la wateja likawa linalowa lenyewe, kutoka kichwani kuelekea miguuni, naye akataka kusema bismillahi na ulimi ukawa mzito kama si wake. Ndani ya droo saa ikatetemeka. Hakuhitaji kuitazama, simu yake mezani ikawaka na ujumbe: Hongera, umefikia lengo lako.

Hapo ndipo mkono ukamshika. Baridi, wenye maji. Kidole gumba kikamgeuza kiganja, taratibu, kwa adabu, sawasawa na alivyomgeuza yeye marehemu, kikaanza kupapasa kifundo cha mkono wake kama kinachotafuta pa kufungulia.

Alikimbia bila viatu mpaka kwa mzee Mashaka. Akamweleza yote, akitazama chini.

"Kila mtu ana karini wake," Mashaka alisema kwa sauti ndogo. "Jini aliyezaliwa naye. Mwenyewe akifa, yule hafi. Huyu amebaki anamtafuta mtu wake, na wewe ndiye uliyebaki na saa yake."

"Nisomee, mzee."

"Nitakusomea mpaka usiku. Lakini kisomo cha hili ni kukiri kwa mdomo wako. Tuichukue saa, twende kwa mjane."

Bi Mwanakombo, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa eda, ndani, haonani na wanaume wa nje. Kwa hiyo Khalfani alisimama ukumbini mbele ya pazia, na Munira akasimama kando yake.

"Sema kwa sauti," Bi Mwanakombo alisema kutoka ndani. "Mie sikusikii."

Akarudia. Majirani waliokuwa wanachambua mchele uani wakaacha.

"Saa ya mzee niliivua mie. Nikasema sikuikuta. Nilidanganya."

Sauti nyuma ya pazia ikasema, "Mwanangu Munira nilimwambia ameiuza. Siku kumi na saba sijala chakula cha mkono wake."

Munira alinyoosha kiganja. Khalfani akaiweka saa pale, na taa za kijani zikazima. Chaji ilisoma themanini na nne, na Munira alikuja kusema baadaye kwamba ilikaa siku tano.

"Munira," Bi Mwanakombo aliita. "Niletee wali."

Walipotoka Mashaka alisema limekwisha, na kwa nyumba ile lilikwisha kweli. Kesho yake, akiwa anachomelea waya wa simu, Khalfani aliona tone limedondoka kwenye kazi yake. Akafuta. Likaja jingine. Lilitoka kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto, duara nzima ya ngozi imelowa, na alipoinusa ilikuwa kafuri. Tangu hapo aukaushe kwa taulo, aukaushe kwa jua, adhuhuri ikipita unalowa. Kuosha maiti aliacha mwenyewe, hakungoja kukatazwa.

Jumatatu moja alimkuta Mashaka akifunga ndoo zake, akaketi karibu naye.

"Mzee, nina ombi moja."

"Sema."

"Siku yangu ikifika, unioshe wewe. Ukikuta mkono huu umeshaanza kuoshwa, usiwaambie watu. Endelea tu na uliobaki."