Kambale wa Bwawani

Jamani, asubuhi ile kando ya mto Offin, kule Ghana, ilikuwa njema. Maame Adoma, mbanikaji hodari wa samaki kijijini, aligeuza kambale juu ya moto huku bintiye Serwaa, mjamzito wa miezi mitano, akimenya mihogo ya fufu, ule ugali wao wa kutwangwa, na kumtania.

"Maame, moshi umekuingia mpaka kwenye sauti!"

Ndipo akafika Daktari Anokye, mtafiti wa chuo kikuu, na boksi lake la barafu. Alitaka samaki wa mto huo akapime kama wana zebaki, ile dawa ya kukamatia dhahabu ambayo wachimbaji wa huko juu huiachia majini. Alikata pia nywele kidogo za kila mjamzito, kwa sababu zebaki ikiliwa huonekana nyweleni.

"Dada, mpaka majibu yatoke, samaki wa mto waache," alimwambia Serwaa. "Zebaki humfikia mtoto tumboni."

Maame Adoma akawaza biashara yake. Majibu yakiwa mabaya, nani atanunua samaki wake?

"Kesho nitakuletea wabichi kabisa, daktari."

Kesho yake alikwenda mji wa Dunkwa alfajiri, akanunua kambale wa bwawa la kufugia, akaapa mbele ya mtafiti kwamba ni wa mtoni. Alijiambia ni uongo mdogo, hautamdhuru mtu.

Baada ya wiki sita majibu ya samaki yalisomwa uani kwa chifu: safi! Wanawake walicheza. Serwaa akarudia bakuli lake la samaki. Na mpakuaji alikuwa nani, wenzangu? Mama yake mzazi. Kila siku mkono wake ulisita juu ya chungu, kisha akaongeza kipande, kana kwamba ukarimu ungefuta kosa.

Mtoto Kwabena alizaliwa mnene. Lakini miezi tisa ilipita, shingo haijakaza.

Daktari Anokye alirudi na majibu ya nywele yaliyochelewa.

"Maame, nimechanganyikiwa. Samaki wenu safi, nywele za wanawake zimejaa zebaki. Za Serwaa nilizokata alipojifungua zimezidi hata zile za mwanzo. Sasa inatoka wapi?"

Maame Adoma angeweza kuficha. Alimtazama mjukuu wake, kichwa kimelala begani kwa Serwaa, akapiga magoti.

"Wale samaki niliwanunua bwawani. Nilikudanganya."

Serwaa akauliza, "Na wale ulionipakulia mimi, Maame?"

"Wa mtoni, mwanangu."

Serwaa alimhamishia mtoto bega la pili, lililo mbali na mama yake, akaingia ndani.

Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni zebaki iliyomlegeza Kwabena. Maneno hayo hayakumpa Maame Adoma nafuu yoyote. Alizunguka nyumba kwa nyumba akisema, "Msile samaki wa mto, nilidanganya." Nyumba moja walimmwagia maji machafu. Hakujifuta.

FUNZO

Ndugu zangu, mtafiti akija kuuliza habari za mto, msiujibie mto. Ukimpa uongo, atapima uongo, nawe ndiye utakayeupakua nyumbani kwako. Kuogopa kukosa wateja kunaeleweka. Lakini Kwabena ana miaka mitatu sasa, na bibi yake bado anamfundisha kukaa.