Kopo la Vifungo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Uzi alisimama kwenye mlango wa chumba cha kushonea akimsubiri shangazi yake ajidunge insulini. Sindano ikishatoka, Uzi alitia kifungo kimoja cha shati kwenye kopo la maziwa. Siku ya kliniki kopo lilikwenda pamoja na kadi: kifungo kimoja, sindano moja.

Lakini kwa wiki tatu shangazi alikuwa akisema, "Tia tu, mwanangu, utachelewa. Nitajidunga baadaye." Uzi alitia, ingawa aliona dawa haipungui.

Asubuhi moja kifungo kilikuwa bado mkononi mwake aliposikia kishindo. Shangazi alikuwa amejikwaa kwenye kitambaa kilichokuwa kikiburuzika sakafuni, akaangukia mkono wa kulia, ule wa mkasi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda vibaya.

Fundi viatu wa jirani alikuja mbio. "Dada, na mwili wote huu?" alisema akimwinua. "Nilidhani ukianguka wewe, itavunjika sakafu!"

Shangazi hakucheka.

Hospitalini, daktari alitazama picha ya mfupa, kisha majibu ya damu. "Sukari iko juu mno. Mama, unajidunga kila siku?"

Shangazi aliinamisha kichwa. Fundi viatu akamjibia, akilitikisa kopo walilokuja nalo pamoja na kadi. "Hili hapa! Kila sindano, kifungo kimoja. Mtoto hajaruka hata siku moja."

"Basi dawa haimtoshi," daktari alisema, akachukua kalamu. "Nitapandisha kipimo."

Uzi aliitazama ile kalamu. Muuguzi wa kliniki alishawaonya kwamba insulini ikizidi, sukari hushuka mpaka mtu akazimia. Lakini akisema, shangazi ataumbuka mbele ya watu.

"Usiandike, daktari!" Machozi yalimtoka. "Hajajidunga wiki tatu. Nilijua, na bado nilitia vifungo."

Kalamu ilisimama.

"Umeniokoa na kosa kubwa," daktari alisema taratibu. Akamgeukia shangazi. "Mama, wengi hudhani unene ni ngao ya mifupa; sivyo. Mafuta yakijaa tumboni, insulini hufanya kazi kwa shida. Sukari nayo ikikaa juu kwa muda mrefu, mfupa unaweza kuonekana mnene kwenye picha, kumbe ni dhaifu. Insulini huusaidia mwili kuujenga mfupa. Mkono utafungwa plasta, dawa utaendelea nayo kama zamani. Nanyi wote mjue, mgonjwa hutibiwa kwa ukweli. Ukimdanganya daktari, umeidanganya dawa."

Walirudi nyumbani. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na nguo za wateja zilining'inia nusu nusu. Uzi akakitoa kile kifungo mfukoni, akakiweka mezani, nje ya kopo.

Shangazi alikitazama.

"Tangu nianze sindano nimenenepa," alisema. "Wateja wananicheka, eti fundi kaishiwa kitambaa cha kujishonea. Kila nilipokwambia 'baadaye', mwanangu, nilimaanisha naona aibu. Nisamehe, nilikutwisha uongo wangu."