Uhusiano na Mwombaji

"Toa nguo zako kwenye kamba yangu. Na ukimaliza, mtoe na kaka yako kwenye maisha ya mwanangu."

Fundi cherehani aliyasema hayo bila kupandisha sauti, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Upande wa pili wa ua, msusi alikuwa amesimama na kitana mkononi. Mteja wake kaachwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ya mtu aliyeona jini.

"Kamba yako tangu lini, mama? Msumari kapiga kaka yangu."

"Ndiyo hivyo. Msumari kapiga kwangu, faili kafungia kwake."

"Usimsingizie mtoto wa watu. Kaka yangu ni karani. Karani haamui nani aende ng'ambo na nani abaki. Karani anapokea karatasi."

"Basi aliipokea akaikalia."

"Karatasi gani?" aliuliza yule mteja, maana umbea haungoji nywele ziishe.

"Geuza kichwa," msusi akamwambia.

"Mwambie huyo kaka yako," fundi akamalizia, akianua vibanio kimoja kimoja, "kuanzia leo asikanyage kizingiti changu. Mimi nimechoka. Sina nguvu ya kugombana naye, ndiyo maana nakutuma wewe."

Ndani, nyuma ya pazia, binti yake alikuwa amekaa kitandani anayasikia yote. Jina lake lilikuwepo, lakini uani kote walimwita Famasia, kwa kuwa yuko mwaka wa tatu wa masomo ya dawa, na hakuna jirani ambaye hajawahi kumgongea mlango na kidonge mkononi kumuuliza hiki kinamezwa kabla ya kula au baada.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Chuo chao kila mwaka kinapeleka wanafunzi kumi na wawili kusoma ng'ambo mwaka mmoja, kwenye maabara ambazo wao wanaziona vitabuni tu. Masharti ni saba, na Famasia aliyajua kwa moyo. Uwe umemaliza mihula minne. Wastani wako usishuke chini ya daraja la pili. Mhadhiri wako akuandikie barua. Na kadhalika, mpaka lile lililokuwa likimnyima usingizi: usiwe na somo hata moja ulilofeli na hujalifuta.

Yeye alikuwa nalo. Takwimu, mwaka wa pili, wiki ile mama yake alipolazwa na mgongo. Akarudia mtihani, akafaulu. Karatasi ya matokeo ikatoka zikiwa zimebaki siku tatu maombi yafungwe. Kwenye dirisha la ofisi ya wanafunzi wa ng'ambo foleni ilikuwa imezunguka jengo. Akaona taabu ya nini, na karani wa ofisi hiyo hiyo analala chumba cha pili kutoka kwao? Jioni akampa mkononi, uani, chini ya kamba ya nguo.

Yeye na Karani walikuwa na mwaka na nusu wa kupendana. Mapenzi yao yalikuwa ya kuulizana "umekula?" na "umefika?". Ua mzima ulijua, ila hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Leo asubuhi orodha ilibandikwa. Jina lake lilikuwa chini, kwenye kundi la waliokosa, na maelezo mbele yake: *Hajakidhi vigezo. Somo moja halijafutwa.*

Alikuwa ameshamtumia Karani ujumbe.

*Karatasi yangu uliiweka kwenye faili?*

Jibu lilichukua saa nzima.

*Sikuiweka mimi.*

*Aliiweka nani?*

*Naomba tuongee ana kwa ana.*

*Jibu hapa hapa.*

*Kuna jambo sikukwambia.*

Famasia aliilaza simu kifudifudi. Wiki tatu zilizopita huyu huyu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kashika tama, akamwambia, "Ukienda, mimi nitazoea vipi?" Siku ile aliona ni mahaba. Leo neno hilo hilo lilikuwa limegeuka, linamtazama na jicho jingine.

Akapiga.

"Nieleze kwa kifupi," alisema. "Sina pumzi ya hadithi."

"Sikuruhusiwa kugusa faili lako."

"Na nani?"

"Na kanuni."

"Kanuni zote saba nazijua."

"Hiyo haiko kwenye zenu. Ni ya sisi watumishi."

"Inasemaje?"

Alisikia mihuri ikigongwa huko ofisini.

"Njoo kesho saa tatu," Karani akasema. "Andika rufaa. Una siku saba za kukata rufaa."

"Ulisema nikienda utazoea vipi."

"Nilisema. Lakini sikusema usiende."

Famasia akakata simu.

Mama yake akaingia, akajitupa kitandani na mkono kiunoni. Walikaa hivyo, mabega yanagusana.

"Mwanangu," fundi akasema, "mwanamume anayekupenda hakufungi miguu."

"Sijui kama kanifunga, mama."

"Hujui au hutaki kujua?"

"Vyote viwili. Nimechoka kujua vitu."

Asubuhi alifika na rufaa yake ya ukurasa mmoja. Ofisi ile ilikuwa ndefu na nyembamba, makabati ya chuma pande zote, na feni inayogeuza shingo bila kutoa upepo. Meza ya kwanza ni ya Karani. Meza ya pili ni ya mzee mmoja mcheshi, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Kesho, kwa kuwa hajawahi kumwambia mtu neno jingine. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka likizo, kanawiri. Mwisho kabisa alikaa bosi wao, mama mtu mzima, miwani kwenye kamba, kiatu kimoja kakivua chini ya meza.

Bosi aliisoma rufaa, akaishusha.

"Rufaa inataka ushahidi, binti. Lazima ionekane hiyo karatasi ilifika hapa kabla ya kufunga."

Karani akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumtazama Famasia. Akafungua daftari la kukabidhiana nyaraka mbele ya bosi, akaweka kidole.

"Siku mbili kabla ya kufunga. Nilimkabidhi meza ya pili. Saini hiyo hapo."

Shingo zote zikageuka, ikiwemo ya feni.

"Saini ni yangu," Bwana Kesho akakubali. "Nilisema nitaiweka kwenye faili kesho yake."

"Na kesho yake?"

"Likizo ikaanza."

Droo yake ikafunguliwa. Karatasi ilikuwepo, chini ya magazeti ya mpira, haina hata kunjo. Famasia aliitazama akataka kucheka, kicheko kikagoma kutoka. Usiku wake wote wa kukariri takwimu ulikuwa umelala hapo chini ya matokeo ya mpira.

"Sasa wewe," bosi akamgeukia Karani. "Kabati la mafaili liko mgongoni kwako. Hatua mbili. Kwa nini hukuiweka mwenyewe?"

"Nilijaza tamko, bosi. Liko kwenye faili langu."

"Tamko gani?"

"La mtumishi."

Bosi akavuta faili, akapekua, akatoa fomu moja ya rangi ya maziwa. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma maelekezo ya kutumia pasi.

"'Natamka kuwa sitashughulikia maombi ya mwombaji aliyetajwa hapa chini, kwa sababu ya uhusiano wangu naye.' Jina la mwombaji, ndiyo, ni wewe binti. 'Uhusiano na mwombaji...'" Akasita, akaipandisha miwani. "'Mchumba.'"

Famasia alidhani hakusikia vizuri.

"Mchumba wa nani?"

"Wa karani wangu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Tarehe ngapi?"

"Miezi mitano iliyopita. Maombi yalipofunguliwa." Bosi akamwangalia juu ya miwani. "Ulikuwa na habari?"

"Naisikia pamoja na wewe, mama."

Bwana Kesho alishindwa kujizuia. "Mnanisema mimi bure. Mimi naahirisha karatasi, mwenzangu anaahirisha posa."

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja," bosi akamwambia.

Karani alikuwa bado kasimama, mikono haijui ikae wapi.

"Visanduku vilikuwa vinne," alisema, safari hii akimtazama Famasia. "Ndugu. Mke au mume. Mchumba. Hakuna. Ningeweka alama kwenye 'hakuna', ningekuwa nimekukana. Na ningelishika faili lako, halafu ukapita, chuo kizima kingesema umebebwa. Wewe umesoma mpaka macho yameingia ndani. Sikutaka waseme hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka jina lako litoke kwanza. Ningekuposa kabla, ungeona nakufunga. Au ungebaki kwa sababu yangu."

"Kwa hiyo ulikaa peke yako ukaamua mimi ningefanya nini."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu kwamba faili huligusi, ningepanga foleni. Ningepanga hata siku tatu. Nisingekupa wewe karatasi chini ya kamba ya nguo."

"Najua. Hapo nilikosea. Sina cha kujitetea."

Bosi akavua miwani, akasugua macho. Ilionekana ameshaziona nyingi, ila hii alikuwa hajaiona.

"Sikilizeni, nina wanafunzi arobaini nje. Rufaa imekubaliwa, karatasi ilifika kwa wakati. Lakini majina ya awamu ya kwanza yameshakwenda, siwezi kuyarudisha. Utaondoka awamu ya pili, baada ya miezi sita. Unaweza kusubiri?"

Miezi sita. Famasia alijaribu kufurahi, akagundua furaha nayo inataka nguvu. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akakaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha.

"Faili lako litakuwa kwangu mwenyewe. Bwana wa meza ya pili, utaniandikia maelezo leo. Nimesema leo. Na wewe karani, barua ya onyo utaipata. Kanuni inasema mwombaji apewe nakala ya tamko aweke saini kuthibitisha, au akatae. Ulimpa?"

"Sikumpa."

"Mpe."

Karani alichomoa nakala kwenye lile faili, akaishika kama kitu cha moto, akaipeleka. Chini kulikuwa na mstari mtupu: *Mwombaji anathibitisha uhusiano uliotajwa.* Bosi akamsogezea kalamu.

Famasia aliutazama ule mstari. Halafu akairudisha kalamu.

"Hii siwezi kuisaini hapa, mama."

Karani akainamisha kichwa.

"Unakataa?" bosi akauliza.

"Sikatai. Mama yangu hajaiona."

"Una siku saba," bosi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu, upande mmoja tu. "Karani, hebu chukua ruhusa ya mchana. Huna faida kwangu ukiwa hivyo."

Walirudi kwa miguu, Famasia mbele, Karani hatua tatu nyuma. Walifika kona ya duka la vipuri.

"Umekasirika?" Karani akauliza.

"Nimechoka kwanza. Nikipumzika nitakasirika."

"Nitasubiri."

"Usisubiri kimya lakini. Kimya chako kimenigharimu miezi sita."

"Sawa."

"Sema kitu basi."

Akafikiri hatua kumi nzima. "Miezi mitano nimekuwa nikiamka kila siku nikiwa mchumba wako, na ukinisalimia naona aibu."

Famasia hakugeuka, lakini alipunguza mwendo, na ile hatua ya tatu ikawa ya pili.

Uani, habari zilikuwa zimeshatangulia. Sijui nani alizibeba, lakini msusi alikuwa hana mteja na bado kasimama mlangoni na kitana. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anapinda suruali. Alimwona binti yake, akamwona aliyeko nyuma, akasimamisha mguu.

"Simama hapo hapo," akamwambia Karani. "Ujumbe wangu wa jana uliupata?"

"Niliupata, mama."

Famasia akaitandaza fomu juu ya ile suruali. Fundi aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye lile neno, kidole kikakwama. Akarudia tangu mwanzo. Kisha binti akamweleza yote: kuhusu droo, magazeti, na awamu ya pili. Msusi alikuwa amesogea hatua kwa hatua mpaka kwenye kamba, anajifanya anapapasa nguo zisizokuwepo.

"Kwa hiyo hukumfungia," fundi akasema hatimaye.

"Sikumfungia, mama. Lakini nimemchelewesha."

"Na hili neno uliliandika kwa bosi wako kabla ya kuja kwangu."

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha kuposa kwa fomu?"

"Mimi sikumfundisha," msusi akadakia kutoka kwenye kamba. "Ningejua, ningekuja mwenyewe na kanga mpya."

"Wewe nani kakuita?"

"Hakuna, mama. Jana nilikujibu vibaya. Na ile kamba ni yako."

"Msumari ni wake," fundi akasema kwa unyonge, akimwonyesha Karani kwa kidevu. Akaondoa miwani yake ya kushonea. Alionekana mdogo, na mchovu, kama mtu aliyebeba hasira usiku kucha na sasa hajui aitue wapi. "Mwanangu anaondoka baada ya miezi sita. Utamwambia asiende?"

"Hapana, mama. Nitambebea begi."

"Na akirudi hakutaki?"

"Nitaijaza upya ile fomu. Nitaandika 'hakuna'. Lakini nitamwambia kwanza."

Fundi akamwangalia binti yake. Binti akaangalia fomu.

"Nisaini, mama?"

Fundi aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia chini ya mkasi isipeperuke, akainuka kwa kushikilia meza, mkono kiunoni.

"Hiyo ina siku saba," alisema. "Mimi nikiwa na hasira napika kama nina msiba. Sufuria imejaa, na nyumba hii tuko wawili."

Akalivuta pazia, akalishikilia wazi kwa bega. Karani alikuwa bado nje ya kizingiti, amekitazama kama kina umeme.

"Kiruke basi kama unakiogopa. Na wewe msusi, weka hicho kitana chini, nawa mikono. Ingieni ndani, mle chakula."