Senti za Mfalme Aliyefariki

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Tabita alimsaidia mama yake kubeba sufuria ya uji wa ulezi hadi pale malori yaliposimama, karibu na mpaka wa Tunduma. Madereva na wapakiaji mizigo walikunywa wamesimama, wakalipa kwa senti zenye tundu katikati. Jioni mama yake, Anastazia, alizitunga senti hizo kwenye kamba ya katani, akafunga fundo, akazitia ndani ya debe. Tangu mumewe afariki, alikuwa akifanya hivyo bila kukosa.

Fedha hiyo ilikuwa ya Jenista, dada yake Tabita. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga katika hospitali ya misheni, mbali na nyumbani, na alitakiwa kufika na ada yake. Lakini msichana hawezi kusafiri na debe la senti linalolia kila lori linapopita kwenye shimo. Ilibidi zigeuzwe ziwe noti, zishonwe ndani ya pindo la gauni lake.

Wiki hiyohiyo akatokea mtu mmoja aliyeitwa Boazi. Alivaa koti jeusi na kubeba mkoba wa ngozi, akapita nyumba kwa nyumba.

"Mama, umesikia kwamba mfalme amefariki?" alimwuliza Anastazia. "Sasa kuna malkia. Senti zenye jina la mfalme zitakataliwa madukani. Mimi nitakusaidia. Nipe zote, nami nitakupa noti. Nitakata robo tu, kwa sababu ya taabu yangu."

Anastazia akalitazama debe. Robo ya debe lile ilikuwa jasho la miezi mingi. Lakini kukosa zote kungekuwa kubaya zaidi.

"Jirani yako Mama Loisi amekwisha kunipa zake," Boazi aliongeza. "Kesho naondoka."

"Njoo kesho asubuhi, baba," Anastazia alisema kwa sauti ndogo.

Tabita alikuwa akiosha vikombe mlangoni. Hakumpenda mtu yule, ila hakujua kwa nini. Alipofikiri zaidi, akaona jambo. Kama senti hizo zinakaribia kufa, kwa nini Boazi anazitaka sana?

Akachomoa sarafu moja ya senti kumi yenye jina la mfalme, akaenda dukani kununua chumvi. Mwenye duka aliitupa kwenye sanduku bila kuitazama.

"Mzee, senti hizi hazitakataliwa?" Tabita aliuliza.

"Nani kakwambia hivyo? Leo asubuhi bwana mmoja mwenye koti jeusi kanilipa sigara kwa hizohizo."

Tabita hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwa Mwalimu Timotheo, aliyemfundisha shuleni, akapiga goti na kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

Tabita akamweleza yote. Mwalimu akakunja uso.

"Hakuna tangazo lolote bomani," alisema. "Senti za mfalme na za malkia zitatumika pamoja. Tena huu ni msimu wa kahawa. Kule kijijini Ruanda, upande wetu huu wa mpaka, chama cha wakulima kinalipa watu kila siku, na mlipaji analalamika kwamba hana fedha ndogo za kurudisha. Mwambie mama apeleke huko. Hawatakata kitu."

Asubuhi Boazi alirudi na mkoba wake. Anastazia alimkaribisha kigoda, akamwandalia uji.

"Baba, nimefikiri," alisema. "Wewe pia unazo senti za mfalme, zile za Mama Loisi. Kama zinakufa, niuzie mimi. Nitakupa nusu ya thamani yake."

Boazi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama Tabita, akamtazama mama yake. Akaweka kikombe chini kabla ya kukimaliza, akasema ana haraka. Siku hiyo hiyo alivuka mpaka, na Mama Loisi hakuiona tena robo yake.

Anastazia na Tabita wakapanda lori hadi Ruanda. Lakini huko nako mambo hayakuwa mepesi. Mlipaji wa chama alilifungua debe, akarudi nyuma.

"Mwanamke na mtoto, na senti zote hizi," alisema. "Mmezitoa wapi? Juzi sanduku la sadaka limevunjwa kanisani."

Anastazia aliona aibu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunong'ona. Tabita akainua kamba moja.

"Ni za uji, baba. Mama huuza uji Tunduma, kwenye malori."

Dereva mmoja aliyekuwa akipakia magunia ya kahawa akasogea.

"Huyu ni Mama Jenista," alisema. "Sivuki Tunduma bila kunywa uji wake. Humo ndani mna senti zangu nyingi."

Mlipaji akamwomba Anastazia radhi. Zikahesabiwa mbele ya wote, akampa noti kamili bila kukata hata senti moja. Kisha akashukuru, kwa kuwa wakulima wadogo walikuwa wakingoja chenji tangu juzi.

Jenista aliondoka Jumatatu. Mwalimu Timotheo alikuja kumuaga, akamwita Tabita kando.

"Ulimshuku Boazi," alisema, "na mlipaji naye akawashuku ninyi. Unaona tofauti?"

"Boazi alikuwa mwongo, Mwalimu. Sisi hatukuwa waongo."

"Ndiyo, lakini ulijuaje? Hukumtukana, wala hukumwita mwizi mbele ya watu. Ulikwenda dukani, ukauliza, ukaja kwangu, ukauliza tena. Mtu akikuharakisha kutoa mali yako, simama kwanza uulize. Na ukimshuku mtu, muulize pia, kwa maana huenda ni mama tu anayeuza uji."