Seva Namba Kumi na Saba

Adhuhuri hiyo jengo la maduka lilikuwa limefurika watu. Kwenye meza iliyobanwa kati ya lifti na duka la viatu, dada mmoja mwenye blauzi ya manjano alikuwa akiwaomba wapita njia wajaribu mtandao mpya wa kutumiana ujumbe na kutoa maoni. Wengi walimpita kama nguzo. Aliyesimama alikuwa fundi miwani wa ghorofa ya pili, shati jeupe, vumbi la vioo mikononi. Aliichukua simu ya majaribio, akaisogeza mbali na uso.

"Maandishi haya aliandikiwa nani, sisimizi?"

"Niandike hivyohivyo?"

"Andika. Na uandike kwamba anayeniuliza maoni ana macho mazuri."

"Hilo halihusu mtandao, kaka."

"Mimi maoni yangu natoa yote kwa pamoja."

Dada akacheka, ingawa kazini alitakiwa kuandika tu.

Mtandao wenyewe haukuwa na bwana mmoja. Kila kundi lilikuwa na seva yake, yaani kompyuta ya kupitishia ujumbe, na seva zilipokezana ujumbe kama majirani. Fundi alijiunga kwenye seva ya mafundi wenzake. Dada alikuwa kwenye seva ya ofisi. Kwa miezi saba wawili hao wakaandikiana, fundi akimwita Dada Maoni mbele za watu na "mboni yangu" wakiwa wawili. Walipendana, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Kisha yakaja malalamiko. Watumiaji arobaini na watatu walisema seva fulani inawamwagia matangazo ya utapeli. Ofisini seva zilitajwa kwa namba tu, ili mtu asipendelee watu wake. Utaratibu huo Dada Maoni aliutunga mwenyewe na kujivunia. Akapendekeza ile iliyolalamikiwa, namba kumi na saba, ikatwe. Ikakatwa Jumatatu asubuhi, na tangu hapo ujumbe wa watu wake haukutoka, wala wa kwingine haukuwafikia. Hakuna aliyewaambia.

Mchana wa Jumatatu hiyohiyo fundi aliandika: "Nataka kukuoa. Fikiri kwanza, ndipo unijibu. Sitakuharakisha."

Na kweli hakumharakisha. Dada kwa upande wake aliona kimya, akaandika "U mzima, mpenzi?", hakujibiwa, akanuna. Siku ya sita simu yake ikalia akiwa kikaoni.

"Huna la kuniambia?" fundi akauliza.

"Mimi? Si wewe ndiye uliyenyamaza?"

"Mimi nilishasema yangu yote."

"Kama ndiyo yote, sawa."

"Sawa."

Dada akaenda kunawa uso, akarudi kwenye kikao.

Siku ya tisa fundi alishuka hadi mezani, shati limenyooshwa, uso umemsawijika. Nyuma yake mama mmoja aliyebeba viatu vipya alikuwa akingoja zamu.

"Sikuja kwa mambo yetu," fundi akasema. "Mafundi wamenituma. Ujumbe wetu hautoki."

"Tangu lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Dada akafungua orodha yenye majina na namba. Kidole kikashuka mpaka seva ya mafundi, kikasimama. Kumi na saba.

"Jumatatu hiyo uliniandikia?"

"Usinichezee."

"Sikuona kitu, kweli nakuambia. Uliandika nini?"

Akamwambia kwa sauti ya chini. Mama wa viatu akasogea hatua moja karibu.

"Ni mimi niliyependekeza mkatwe," dada akasema. Aibu na furaha vilimpanda kwa pamoja, akashindwa kuvitenganisha. "Sikujua ni ninyi. Na jibu ni ndiyo. Hata ungeniuliza mwezi uliopita."

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nilimwambia mama yangu umenikataa."

"Lini?"

"Juzi. Alilia."

Alikuwa ameshabonyeza simu. "Mama, hakunikataa... Ujumbe haukufika... Hapana, sijidanganyi." Akasikiliza kidogo, kisha akamnyooshea dada simu. "Anakutaka."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu siku tisa hali akashiba. Wewe ulikuwa wapi?"

Dada angeweza kueleza habari za seva, namba na malalamiko arobaini na matatu. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Nilikuwa namsubiri, mama," akasema, sauti ikamkatika.

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Basi usilie," mama akasema. "Mlete, mje mle."