Ishara Iliyotangulia

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, mimi na Chiriku tulikimbilia chumba cha kompyuta kuwahi ile mashine moja isiyozimika ovyo. Chiriku ni jina tulilompa kwa sababu mdomo wake haupumziki. Tulikuwa chanda na pete tangu darasa la kwanza.

Muhula ule tuliandika programu ya maktaba yenye nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja. Uzi wa Chiriku ulipokea jina la kitabu, ukaliweka kwenye foleni, kisha ukatoa ishara ya kuuamsha uzi wangu. Wangu uliandaa printa, ukalala kusubiri ishara, na ulipoamshwa ukachapa kadi ya kuazima. Tuliijaribu mara ishirini, haikutuangusha hata mara moja.

Siku ya wazazi, Chiriku aliandika jina la kitabu mbele ya ukumbi mzima. Tukasubiri. Printa kimya! Watoto wa nyuma wakaanza kucheka. Damu ikanichemka, maana juzi yake tulikuwa tumegombania nani asimame mbele. Kumbe hakusahau ugomvi ule!

"Amefuta mstari wa kuamsha!" nikapayuka. "Kaniuza huyu, anataka niaibike!"

"Mimi?" Chiriku alinikodolea macho, mama yake kaketi safu ya mbele. "Haki ya Mungu sijagusa kitu." Akatoka mbio akilia.

Sikumhurumia. Rafiki wa miaka sita, kunifanyia vile! Iliniuma sana.

Mwalimu wa kompyuta akaniita kwenye mashine. "Hebu nionyeshe huo mstari uliofutwa."

Nikatafuta. Ulikuwepo, pale pale.

"Leo printa ilichelewa kupata moto," akasema. "Ishara ya mwenzako ilifika uzi wako ukiwa bado unahangaika na printa. Ishara isipokuta aliyelala, inapotea. Uzi wako ulipomaliza, ukalala bila kuchungulia foleni, na kitabu kilikuwa humo. Sasa nani kamwangusha mwenzake?"

"Mimi," nikajibu kwa sauti ndogo.

Tukaongeza agizo: kabla ya kulala, angalia foleni, ikiwa na kitu, chapa kwanza. Kadi ikatoka. Sikufurahi hata chembe.

"Programu imepona kwa mstari mmoja," Mwalimu akasema. "Rafiki yako haponi hivyo. Alikuamini, nawe ukamwita msaliti mbele ya mama yake. Kabla ya kumtupia mtu lawama, chunguza kwanza kazi yako mwenyewe, kisha muulize. Umemtuhumu hadharani, kamwombe radhi hadharani."

Nilimkuta nje ya ukumbi na mama yake, wazazi wengine wakiwa wamesimama pembeni. Nikasema yote: kosa lilikuwa langu, Chiriku hakufuta chochote, naomba anisamehe.

"Nimekusamehe," akasema, macho bado mekundu. "Lakini mimi ningekuuliza."